Mzaha Unaomweka Mkubwa Njia Panda: Mwongozo Kamili wa Kutumia Dhihaka Katika Maandamano ya Amani

Enzi za utawala wa Slobodan Milošević nchini Serbia, vijana wa vuguvugu la Otpor, lililoanzishwa Oktoba 1998, waliweka pipa kuukuu kwenye mtaa wenye pilikapilika jijini Belgrade. Juu ya pipa palikuwa na uso wa rais na tundu la kutumbukizia sarafu, kando yake rungu. Toa dinari moja, piga. Serikali ilikuwa imewachangisha raia kwa kauli ya dinari kwa ajili ya msimu wa kupanda mazao. Vijana wakaigeuza kauli ile ikawa dinari ya kumwondoa. Na kama huna hata sarafu mfukoni, basi rais ndiye aliyekufilisi, kwa hiyo wewe piga mara mbili.

Walipokwisha kulisimamisha wakajitenga, wakakaa mbali kama watu wasio na habari. Wapita njia wakaanza kujipanga, na kishindo cha bati kikasikika mtaa mzima. Polisi walipofika walikuta foleni ya raia wa kawaida, wengine na watoto wao. Umkamate nani? Ukiwabeba hawa, umebeba watu waliotoka kununua mkate. Ukiondoka, pipa linaendelea kula virungu. Wakaona heri walikamate pipa. Picha za askari wakilikokota pipa kwenda garini zilichekesha kuliko pipa lenyewe.

Kuchora uso kwenye pipa si ubunifu wa ajabu; mtoto wa darasa la tano anaweza. Kazi kubwa ilifanyika kabla, pale mtu alipojiuliza: polisi wakifika, watafanya nini? Swali hilo litajirudia humu hadi mwisho. Wengi huanza na kichekesho, kisha wakaomba Mungu mambo yajipe. Anza na jibu la mkubwa, halafu rudi nyuma ukitafute kichekesho.

Tuelewane kwanza kwenye maneno

Utani una ruhusa: anayetaniwa anajua, na atarudisha. Mzaha unaweza usimguse mtu yeyote. Kejeli na dhihaka zina ncha, zinamlenga mtu au jambo. Tashtiti ndiyo mama yao, kumcheka mtu au mfumo ili uovu wake uonekane hata kwa aliyekuwa hauoni. Kisha kuna tusi, ambalo watu hulichanganya na hayo yote. Ukimsema kiongozi kwa kilema chake, kabila lake au sura yake, hujamdhihaki, umemtukana, tena umemwokoa: kesho atazungumzia tusi lako badala ya fedha zilizopotea.

Kipimo changu ni rahisi. Mcheke kwa alichokichagua, usimcheke kwa alichozaliwa nacho. Waandamanaji wa Kenya waliopinga Muswada wa Fedha wa 2024 walimbandika Rais William Ruto jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda juu ya mkuyu, wakawa wanaimba wakimtaka ashuke. Jina moja tu, na ndani yake mna hoja nzima ya kodi. Halimgusi mama yake, halimgusi kabila lake, na mtoto analielewa.

Angalia pia unamcheka nani kwa mwelekeo gani. Dhihaka inayotoka chini kwenda juu ni upinzani. Inayotoka juu kwenda chini ni uonevu, hata kama ina vina.

Hatua ya 1: Andika dai lako kwa sentensi moja

Kama huwezi kulisema kwa sentensi moja, hujafika kwenye mzaha bado. "Tumechoka" si dai. "Tunataka hesabu za mradi zibandikwe hadharani kabla ya mwisho wa mwezi" ni dai. Sentensi hiyo ikae kwenye karatasi ukutani, maana baadaye, kicheko kikinoga, kuna mtu atakuja na wazo tamu mno lisilohusiana nayo hata chembe. Mwonyeshe karatasi.

Hatua ya 2: Tafuta ufa

Kila mwenye mamlaka ana hadithi anayojisimulia: mimi ni baba wa taifa, mimi ni mtetezi wa wanyonge, nchi imetulia. Kichekesho kimelala kwenye ufa kati ya hadithi hiyo na kinachoonekana kwa macho. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili. Kushoto nakili kauli zao nenoneno, na tarehe. Kulia andika kilichopo. Usitie chumvi upande wowote. Baada ya kurasa tatu nne utaanza kucheka mwenyewe, na cheko hilo ndilo malighafi.

Poland, Februari 1982, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, wakazi wa mji mdogo wa Świdnik walichoka na uongo wa taarifa ya habari ya televisheni. Ilipofika saa moja na nusu usiku, saa ya habari, wakatoka nje kutembea. Basi. Familia nzimanzima, zikisalimiana barabarani. Wengine walizigeuzia televisheni zao dirishani zihutubie barabara, wengine wakazipandisha kwenye vigari vya watoto na kuzitembeza. Serikali ikawahisha mwanzo wa amri ya kutotoka nje, kutoka saa nne usiku hadi saa moja. Watu wakaanza kutembea wakati wa taarifa ya saa kumi na moja jioni. Hakuna sheria inayokulazimisha kutazama habari, na hapo ndipo ufa ulipokuwa.

Hatua ya 3: Andika majibu yao kabla ya kichekesho chako

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa hiyo tufanye mfano mmoja kwa ukamilifu.

Tuseme kuna bomba la maji la umma. Lilizinduliwa mwaka jana, utepe ukakatwa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Halijatoa tone. Dai lenu: tarehe ya kutoka maji, iandikwe na kusainiwa. Njia ya kawaida ni kubeba mabango hadi ofisini. Mkubwa anaijua njia hiyo na ana majibu yake tayari: ni wahuni, wametumwa, wanavuruga amani.

Sasa badala ya maandamano, mliandalie bomba sherehe ya kutimiza mwaka mmoja. Keki, mshumaa, maputo, kadi. Mwalikeni mheshimiwa kwa barua rasmi. Kisha kaeni chini muandike, kwa kalamu, kila anachoweza kufanya:

Akija, atasimama mbele ya bomba kavu huku kamera zikimtazama, na itabidi aseme neno. Mkabidhini kadi yenye mstari mtupu wa tarehe, na kalamu.

Asipokuja, kiti chake kipo mbele, kimefungwa utepe, kina jina. Picha ya kiti kitupu kando ya bomba kavu haihitaji maelezo.

Akileta polisi, askari watazima mshumaa na kunyang'anya keki. Wakatieni kipande kabla hawajauliza. Hata wao wana ndoo nyumbani.

Akitoa maji kwa haraka ili kuwanyamazisha, mmeshinda. Imbeni.

Akinyamaza kimya kabisa? Hili ndilo jibu linalosahaulika, na ndilo linaloua mipango mingi. Mkubwa mjanja hapambani na kichekesho, anakiacha kife. Kwa hiyo sherehe iwe na mwendelezo: mwezi unaofuata bomba linaanza chekechea, linapata sare. Mzaha usio na sura ya pili ni kama bunduki ya risasi moja, samahani kwa mfano wa bunduki kwenye mwongozo wa amani.

Ukikuta jibu moja ambalo linamfaa yeye kuliko nyinyi, badilisha mpango. Usiseme "hatafanya hivyo." Atafanya.

Hatua ya 4: Chagua umbo

Mmarekani Gene Sharp, aliyetumia maisha yake kuchunguza harakati zisizo na mabavu, aliorodhesha mbinu 198, na humo mna michezo ya kuchekesha, tuzo za dhihaka, uchaguzi wa mzaha na mazishi ya mzaha. Huhitaji kubuni gurudumu. Unahitaji umbo linaloshika ufa wenu na linalowezekana kwa watu mlio nao.

Mkizuiwa kukusanyika, wakusanyeni wasiozuilika. Barnaul, Siberia, Januari 2012: baada ya maofisa kukataa maandamano ya watu waliolalamikia uchaguzi wa bunge la Urusi, wanaharakati walipanga midoli kwenye theluji, kila mmoja na bango dogo lake. Polisi wakainama kunakili maneno ya mabango ya midoli. Walipoomba kibali cha kurudia, wakajibiwa kwamba midoli si raia wa Urusi. Jibu hilo likazunguka dunia. Kumbuka nani aliyetoa mstari wa kuchekesha kuliko yote: ofisi.

Kama adui yenu hupenda gwaride, mfanyeni awafanyie kazi. Wunsiedel, Ujerumani, ilikuwa imechoshwa na maandamano ya kila mwaka ya wafuasi wa siasa za Kinazi. Novemba 2014 wenyeji na wafanyabiashara waliahidi euro 10 kwa kila mita watakayotembea waandamanaji wale, fedha ziende kwenye mradi wa kuwasaidia watu kuihama siasa hiyo hiyo. Barabara ikapambwa kama ya mbio, na alama za umbali chini, na ndizi za kuwapa nguvu. Wakisimama, wamesalimu amri. Wakitembea, wanachangia kufukuzwa kwao. Zilipatikana euro 10,000. Mimi huu ndio mfano ninaoupenda kuliko mingine yote, kwa sababu hakuna aliyemzuia mtu yeyote njia.

Umbo la upole kupita kiasi nalo hufaa. Nchini Belarusi mwaka 2011 watu walikusanyika na kupiga makofi, bila kaulimbiu, bila bango. Utawala wa Rais Alexander Lukashenko ukaanza kukamata wapiga makofi, hadi mtu mwenye mkono mmoja akashtakiwa kwa kosa la kupiga makofi. Mwaka 2013 Lukashenko na polisi wake walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, kitengo cha amani.

Wanyama, fikiria mara mbili. Mei 2013 wanaharakati waliachia nguruwe nje ya bunge jijini Nairobi kupinga wabunge kudai mishahara mikubwa zaidi, na Juni 2014 vijana wawili wakapenyeza watoto wa nguruwe waliopakwa rangi ndani ya eneo la bunge la Uganda. Picha zilienea kweli. Lakini Nairobi sehemu ya mjadala ilihamia kwenye mateso ya wanyama, na mjadala ukihama ni vigumu kuurudisha.

Hatua ya 5: Uso mkavu

Dhihaka nzuri haijicheki. Andika kama mtumishi mtiifu anayeamini kila alichoambiwa. Barua ya mfano wetu ingesomeka hivi:

"Mheshimiwa, tuna furaha kubwa kukualika kwenye maadhimisho ya mwaka mmoja tangu ulipotuzindulia bomba letu. Kwa mwaka mzima limetunza usafi wake, halijalowa hata siku moja. Tafadhali njoo na glasi yako. Maji yatatolewa na mwenyeji wa shughuli, likijaliwa."

Hakuna tusi, hakuna alama tatu za mshangao, hakuna neno ambalo wakili wa upande wa pili anaweza kulishika. Lugha ya ofisini ina uzito wake wa kuchekesha. Iache ifanye kazi. Ukijisikia kuongeza mstari wa kueleza kichekesho, ujue kichekesho hakijaiva.

Bango nalo ni maneno machache kuliko unavyofikiri. Lisomeke na mtu aliye kwenye gari linalopita.

Hatua ya 6: Mjaribishe asiyekupenda

Marafiki zako watacheka, hao si kipimo. Mpelekee mtu mzima asiyejua lolote kuhusu kikundi chenu, na mwingine anayemuunga mkono huyo huyo mnayemlenga. Huyu wa pili si lazima acheke. Akikunja uso na kusema "lakini hilo la bomba ni kweli," mmefika.

Niliwahi kubeba jeneza la karatasi kwenye mazishi ya mzaha ya ahadi fulani ya uchaguzi. Tulivaa nyeusi, tukatembea polepole, tukalia kwa ustadi. Tatizo ni kwamba tulilia kwa ustadi mno. Watu walisimama kwa heshima, wanaume wakavua kofia, na mama mmoja akatokwa na machozi kwa sababu, tulikuja kujua, alikuwa ametoka kuzika wiki ile. Maandishi ya jina la marehemu yalikuwa upande mmoja tu wa jeneza, ule ulioelekea upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyekuwa amesimama barabarani kulitazama kabla. Tangu hapo, kabla ya siku, mtu mmoja hutumwa kusimama mahali atakaposimama mpita njia na kutuambia anaona nini.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Gawa kazi mapema na kwa majina. Wawepo wachezaji, msemaji mmoja tu, wapiga picha wawili waliosimama pande tofauti, watuliza ghasia wawili watatu wenye vifua vipana na sauti ndogo, na mtu mmoja asiyekuwepo kabisa, aliyekaa nyumbani na orodha ya majina, namba ya wakili na simu iliyojaa chaji. Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote, na ndiye anayelalamika kuwa amekosa raha.

Jua sheria ya mahali penu inasemaje kuhusu taarifa au kibali. Kukiomba kibali rasmi kwa jambo la kipuuzi kunaweza kuwa nusu ya kichekesho, kama midoli ya Barnaul ilivyoonyesha, na ile barua ya kukataliwa ni mali, itunze.

Msitoke katika nafasi zenu. Askari akifoka, mhusika wa sherehe anabaki mhusika wa sherehe. Jiwe moja likirushwa, hata na mtu asiye wenu, habari ya jioni itakuwa jiwe. Kwa hiyo kubalianeni ishara ya kumaliza, kwa mfano kuimba wimbo fulani, na ikitolewa kila mtu akunje vitu vyake aondoke bila kujadili. Muda mfupi hufaa. Dakika ishirini zilizonoga zinashinda saa tatu za jua na hasira.

Mwakilishi wa vyombo vya habari akiuliza "hivi hamna jambo la maana la kufanya," msemaji aache uso mkavu, aseme lile dai la sentensi moja kwa sauti ya kawaida.

Hatua ya 8: Pima hatari bila kujidanganya

Kuna watu huuza dhihaka kama ngao. Si ngao. Nchini Myanmar, wachekeshaji wawili wa kundi la Moustache Brothers walifungwa miaka saba na kazi ngumu kwa vichekesho walivyotoa Januari 1996 nyumbani kwa Aung San Suu Kyi, aliyekuwa kiongozi wa upinzani. Mwenzao katika fani, Zarganar, alihukumiwa miaka 59 mwaka 2008 baada ya kuikosoa serikali kuhusu misaada ya kimbunga Nargis; ikapunguzwa hadi 35, akatoka Oktoba 2011. Kule Kenya, uimbaji wa Zakayo haukuzuia risasi za Juni 25, 2024, ingawa rais aliuondoa muswada siku iliyofuata. Mwisho wa mwaka huo vijana kadhaa walitekwa, akiwemo mchora katuni aliyekuwa akimchora rais kama kivuli cheusi. Huyo aliachiwa Januari 2025.

Kwa hiyo kila mshiriki ajue, kabla ya kukubali, ni jambo gani baya kuliko yote linaloweza kumpata mahali hapo na chini ya utawala huo. Aulizwe faraghani, si mbele ya wenzake, maana mbele ya wenzake hakuna anayekubali kuwa anaogopa. Anayesema hapana apewe kazi ya mbali: kushona, kuandika, kupika, kukaa na ile simu. Watoto wasitumike. Picha mnazoweka mtandaoni ziondolewe taarifa za mahali na muda, na nyuso za wasiotaka kuonekana zizibwe kabla hazijatumwa hata kwa rafiki mmoja.

Uso wa mchekeshaji mmoja ni rahisi kuukamata. Mwaka 1988 mjini Wrocław, Poland, kundi la Orange Alternative la Waldemar Fydrych lilimaliza tatizo hilo kwa kofia. Miaka ya nyuma walikuwa wakichora vijitu vya hadithini kwenye madoa ya rangi ambayo maofisa walipaka kufuta maandishi ya upinzani ukutani. Juni 1, maelfu ya watu wakamiminika mitaani wamevaa kofia za rangi ya machungwa za vijitu hivyo. Hebu fikiria askari akiandika ripoti ya kituo: amemkamata nani, kwa kosa gani?

Na zipo siku ambazo dhihaka haina nafasi. Damu ikiwa bado mbichi, familia ikiwa haijapata mwili, nyamaza. Wenye msiba ndio wanaoamua lini wanaweza kucheka, na wakati mwingine wao wenyewe ndio huanza, kwa mzaha mkali kuliko ambao wewe ungethubutu kuutoa.

Hatua ya 9: Siku ya pili

Hesabuni watu kwanza: wote wamefika nyumbani? Kisha chagueni picha moja, moja tu, na maelezo ya mistari miwili yenye dai ndani yake. Rudini ofisini na barua ya kawaida isiyo na mzaha, mkiambatanisha picha. Kicheko kimefungua mlango, na dai liingie kabla haujafungwa.

Kaeni pia mkubaliane ni lini mzaha huu utastaafu. Dalili za uzee zinajulikana: wafuasi wanaurudia kwa mazoea, walengwa wameanza kuutumia wao wenyewe kwenye hotuba zao, na matangazo ya sabuni yameuiga. Uacheni hapo hapo, hata kama bado mna maputo stoo.

Milošević aliangushwa Oktoba 5, 2000, siku ambayo umati uliingia Belgrade na mtambo wa kusukuma udongo ukawa ndio alama yake. Pipa halikuhitajika tena. Otpor wakabandika mabango mapya mjini yenye picha ya mtambo ule, safari hii yakiwaelekea viongozi wapya, na juu yake maneno machache tu: tunawatazama tu.